Boksi la rangi za kumeremeta: maswali ninayoulizwa tangu nilifungue

Siku za kazi nauza vitambaa. Wikendi napamba watu nyuso, hasa maharusi wasiotaka kulipa bei ya wapambaji wa Kololo, mtaa wa matajiri hapa Kampala. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye kwanjula, sherehe ya bibi harusi kumtambulisha mchumba kwa wazazi wake, huko Mukono nikiwa na kope za rangi ya tausi kutoka kwenye seti ya bei rahisi, na tangu siku hiyo maswali hayajakatika: mengine kwa simu, mengine kwenye taksi, moja nikiwa foleni ya benki. Nimeyakusanya hapa. Ninayoulizwa mara nyingi nimeyajibu kwa urefu, na mengine kwa sentensi mbili tatu.

Ni boksi gani hilo, na lilikugharimu kiasi gani?

Ni seti ya toleo maalumu. Ndani mna paleti ya rangi tisa za macho, lipstiki mbili, kikopo kidogo cha hailaita (rangi ya kung'arisha uso) ya krimu na chupa moja ya rangi ya kucha. Kati ya zile tisa, saba zinameremeta: dhahabu, shaba, buluu ya tausi, kijani, zambarau, waridi na fedha. Mbili zilizobaki, kahawia na nyeusi, ni mati, hazing'ai hata kidogo.

Nililipa shilingi 48,000 za Uganda. Muuzaji alianzia 60,000, tukavutana, nikajifanya naondoka, akaniita nikiwa ngazini. Lilikuwa duka la ghorofa ya pili, karibu na Kikuubo, mtaa wa maduka ya jumla Kampala.

Jina la kampuni sitalitaja. Kuna mambo yalinikera humo ndani na sitaki kumpaka mtu matope, halafu seti yenyewe huenda imekwisha madukani wakati unasoma haya. Ninayoyasema yatakufaa kwa boksi lolote la aina hii.

Dada, "toleo maalumu" ndiyo nini? Likiisha limekwisha kweli?

Boksi hukwisha, rangi haziishi. Kiwanda hutengeneza mzigo wa msimu mmoja, huupa jina na picha nzuri, kisha huhamia kwenye mwingine. Kampuni za bei nafuu zinaupenda sana mtindo huu kwa sababu unamrudisha mteja dukani kila baada ya miezi michache. Essence ya Ujerumani, kwa mfano, imekuwa ikitoa matoleo ya muda kwa miaka mingi. Langu lina picha ya kipepeo. Ile shaba yake utaikuta mwaka ujao kwenye boksi lenye picha ya ua.

Kwa hiyo muuzaji akikuambia "hili ndilo la mwisho, mama", mtazame usoni kwanza, kisha tazama rafu iliyo nyuma yake. Mimi niliambiwa hivyo hivyo. Wiki iliyofuata nilipita, nikamkuta amekalia katoni zake mbili.

Kwa bei hiyo, si feki?

Rahisi na feki ni vitu viwili tofauti. e.l.f. ya Marekani ilianza mwaka 2004 kwa kuuza vitu vya dola moja moja, na haikuwa feki ya mtu yeyote. Feki ni ile iliyovaa jina la mwingine: paleti ya jina kubwa ambayo Ulaya inauzwa kwa pesa nyingi, hapa unaipata kwa 15,000 na nyongeza ya brashi. Hiyo mimi siigusi, hata ikiwa nzuri kwa macho. Aliyeiba jina hana sababu ya kukuambia ukweli kuhusu kilichomo ndani.

Nikishika boksi la jina nisilolijua, natazama vitu vichache. Kwanza, orodha ya viungo iwepo, isomeke, na isiwe na makosa ya tahajia kila mstari. Pili, iwepo namba ya mzigo, iliyopigwa chapa au kugandamizwa kwenye kifaa chenyewe, isiwe kwenye boksi la karatasi peke yake. Tatu, nchi na anwani ya mtengenezaji au mwagizaji. Kisha nafungua na kunusa. Poda nzuri huwa karibu haina harufu. Ikinuka kama rangi ya ukuta au mafuta ya taa, nairudisha.

Hapa Uganda mwenye kazi ya kuangalia viwango ni UNBS, shirika la viwango la taifa, nayo imepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni. Hizo ni habari za krimu za kujichubua zaidi kuliko rangi za macho, lakini rafu ni ile ile. Duka ambalo nusu yake ni krimu za kujichubua zisizo na maandishi, kwa nini nimwamini mwenyewe anaponiambia paleti yake ni salama machoni?

Huo mng'aro unatoka wapi hasa? Ni vioo vilivyosagwa?

Si vioo, japo swali hili nalipenda. Mara nyingi ni mika, jiwe ambalo kiasili hubanduka kwa matabaka membamba sana, kama maganda ya kitunguu. Kwenye orodha ya viungo utaliona limeandikwa Mica au namba CI 77019. Vipande hivyo vidogo huvikwa ngozi nyembamba ya titani dioksidi, CI 77891, au ya oksidi ya chuma, ambayo ni jamaa wa kutu na ndiyo inayoleta dhahabu na shaba. Ile nyekundu ni CI 77491.

Uliwahi kuona dimbwi la maji kwenye stendi ya boda baada ya mvua, petroli imedondokea humo, linatoa zambarau na kijani? Petroli yenyewe haina rangi hizo. Ni tabaka jembamba linalorudisha mwanga kutoka juu na kutoka chini kwa pamoja, na unene wa tabaka ndio unaochagua rangi utakayoiona. Vipande vya mika hufanya kazi hiyo hiyo. Ongeza unene kidogo tu kiwandani, dhahabu inageuka waridi. Ongeza tena, inakwenda buluu.

Na hapo ndipo lilipo jibu la wanaoshangaa kwamba seti ya 48,000 imeshindana na ya laki tatu. Mng'aro kazi yake kubwa imeshafanywa na mika kabla haijafika kwenye paleti. Ukiikandamiza na kishikio (mafuta yanayoshikanisha poda) kizuri kidogo, itang'aa tu. Rangi ya mati ndiyo ngumu: lazima isagwe sawasawa, ichanganyike na poda nyingine bila madoa, isambae bila kuacha mabaka. Umaskini wa kiwanda utauona kwenye mati. Hii ndiyo kanuni yangu ya ununuzi kwa miaka sasa: mng'aro nanunua rahisi, mati na faundesheni natolea pesa.

Nikiwa hapo hapo kwenye mika: sehemu ya mika ya dunia huchimbwa India, kwenye majimbo ya Jharkhand na Bihar, na Madagaska pia, na watoto wameonekana wakiichimba kwa mikono. Bei rahisi wakati mwingine ina mtu aliyeilipia. Ukiona kwenye orodha neno Synthetic Fluorphlogopite, hiyo ni mika iliyotengenezwa kiwandani, haikuchimbwa na mtoto. Boksi langu lilikuwa na zote mbili.

Zinaonekana kwenye ngozi nyeusi, au ni zile zinazotufanya tuonekane tumepakwa majivu?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mtu, na nina furaha nalo kwa sababu kwa mara moja jibu liko upande wetu.

Vipande vya mika havizuii mwanga wote. Sehemu vinaurudisha kwako kama rangi, na sehemu unapita hadi kwenye ngozi. Ngozi nyeupe huurudisha mwanga uliopita, unachanganyika na ule wa kwanza, rangi inafifia. Ngozi nyeusi huumeza. Kinachobaki kwenye jicho la anayekutazama ni ile rangi peke yake. Ndiyo maana buluu ya tausi ambayo kwa msichana kwenye picha ya boksi ilikuwa kama ukungu, kwangu ilitoka kama shingo ya tausi mwenyewe. Mdogo wangu, ambaye ni mweusi kunizidi, ilimtoka vizuri zaidi; nilimwonea wivu hadharani.

Majivu yanaletwa na kitu kingine: unga mweupe uliojazwa ndani, talki au titani dioksidi nyingi ya kawaida, ili rangi ionekane laini na tamu. Rangi zote zenye sura ya maziwa, waridi la mtoto, zambarau hafifu, buluu ya anga, zichunguze mara mbili. Kwenye seti yangu, waridi na fedha ziliangukia hapo. Waridi liliniacha kama niliyetoka kusaga mahindi. Fedha nayo ilifaa kwenye kona ya ndani ya jicho tu, nukta moja.

Kwa hiyo, kama tuko dukani pamoja: shaba, dhahabu iliyokolea, kijani cha kung'aa na tausi, chukua bila hofu. Zambarau, ijaribu kwanza. Hailaita iwe ya dhahabu au ya shaba, isiwe ya lulu nyeupe. Na usijaribu chini ya taa za dukani, zile nyeupe kali hupendezesha kila kitu hata kitunguu. Paka kidogo nyuma ya mkono, toka nje hadi barabarani, geuza mkono juani. Muuzaji akikataa utoke, acha simu yako mezani kama rehani. Nimeshafanya hivyo.

Nimenunua kama yako lakini kwangu zinakuwa vumbi tu. Unapakaje?

Brashi kavu ndiyo kosa. Rangi hizi ukizisugua kwa brashi kavu unatawanya vipande vya mika vikae ovyo, kila kimoja kikitazama upande wake, na nusu vinadondokea shavuni. Vinatakiwa vilale, kama vigae vya paa.

Ninavyofanya mimi. Macho napaka kabla ya faundesheni, siku zote, ili vinavyodondoka nivifute bila kuharibu kitu. Napaka konsila, ile krimu ya kuficha madoa, kidogo sana kwenye kope, nasambaza kwa kidole hadi ibaki filamu tu. Ukiipaka nene itajikunja ndani ya saa moja na rangi yako itakaa kwenye mistari kama maji kwenye mitaro. Kisha kahawia ya mati kwenye mkunjo wa jicho, taratibu, kwa brashi laini. Hapo nilitumia kahawia ya paleti yangu nyingine, sababu utaiona mbele.

Halafu mng'aro kwa kidole. Kidole cha pete kina nguvu ndogo, ndicho kizuri. Kigandamize kwenye rangi, kisha kigandamize kwenye kope. Usisugue. Gandamiza, inua, gandamiza. Joto la kidole linalainisha kishikio na vipande vinalala chini.

Ukitaka iwe kali zaidi, ya sherehe, lowesha brashi bapa kwa tone la maji. Brashi, narudia, usiloweshe paleti. Ukimwaga maji kwenye paleti, uso wa rangi utakauka na kufanya gamba gumu na hautatoa tena kitu. Tayari limeshakuwa gumu? Bandika selotepu juu yake, ibandue, gamba litatoka nayo.

Na siri ya tausi ya Mukono, kwa sababu ndiyo iliyoleta maneno yote haya: chini yake kulikuwa na penseli nyeusi. Wanja wa penseli wa shilingi elfu mbili, nimeupaka kope nzima, nikausugua kwa kidole kabla haujakauka, kisha nikagandamizia buluu juu. Ni ile hesabu ya mwanga tena. Weusi chini unameza, rangi juu inasimama. Kahawia chini ya shaba nayo inafanya vivyo hivyo, kwa upole zaidi.

Vaselini usitumie kama gundi. Najua mama zetu walifanya hivyo. Inang'aa dakika kumi, ya kumi na moja inateleza.

Na jua hili, vumbi, boda boda?

Kampala si jiji la joto kali, tupo kama mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini ndani ya hema la sherehe saa nane mchana ni habari nyingine. Kope zangu zilishika kuanzia saa nne asubuhi hadi jioni, na penseli ile ndiyo iliyosaidia. Lipstiki haikushika hata pilau ya kwanza.

Vumbi jekundu ndilo adui mkubwa kuliko jasho. Likikaa juu ya mng'aro linaufanya kuwa matope. Ukipanda boda, vaa kofia na ushushe kioo. Hailaita ya krimu paka ukishafika, usiipake nyumbani, maana krimu hunasa kila kinachopita. Mimi huibeba kwenye pochi na kupaka chooni kwenye ukumbi, pamoja na wanawake wengine kumi wanaofanya hivyo hivyo.

Nitavaa gomesi. Rangi gani isigombane nayo?

Sasa umefika dukani kwangu. Gomesi, gauni letu refu la sherehe, ikiwa ya satini tayari inang'aa, mabega yamesimama, mkanda wa kiunoni nao una nakshi za dhahabu. Uso nao ukimeremeta kila mahali, mpiga picha atakupata kama karatasi ya chokoleti. Chagua sehemu moja. Mng'aro ukiwa machoni, midomo iwe mati na mashavu yatulie.

Usilinganishe rangi moja kwa moja pia. Gomesi ya kijani na kope za kijani inakuwa sare ya shule. Kijani inakaa vizuri na shaba. Zambarau inakaa na dhahabu. Gomesi nyeupe au ya krimu inabeba tausi bila shida, na ndiyo niliyovaa. Ukiwa ndiwe bibi harusi na utabadilisha nguo mara tatu nne siku ya kwanjula, baki na shaba kwenye kope tangu mwanzo, utakuwa unabadilisha lipstiki tu. Wapambaji wako watakushukuru, na shangazi zako hawatapiga kelele kwamba unachelewesha wageni.

Jambo la picha: poda nyeupe za kumalizia, zenye silika, hurudisha mwanga wa flashi na kukuacha na mabaka meupe chini ya macho. Jipige picha moja na flashi kabla hujatoka nyumbani.

Naweza kwenda nazo ofisini?

Shaba au dhahabu, mguso mmoja katikati ya kope, ndiyo. Tausi, labda kama ofisi ni yako.

Assalamu alaykum binti yangu. Nina miaka 58, kope zimekunjika. Rangi hizi si za wasichana?

Wa alaykum salaam, Hajati. Hata kidogo. Ni kweli kwamba vipande vikubwa vya kumetameta huingia kwenye mikunjo na kuionyesha, kwa hiyo epuka zile ambazo unaona chembe moja moja. Chagua zile laini zinazong'aa kama hariri, kwenye boksi langu ni shaba na dhahabu. Ziweke katikati ya kope tu, juu ya mboni, na mkunjo wenyewe uupake kahawia ya mati. Mama yangu mzazi tulimpaka hivyo Idi iliyopita. Alijitazama kwenye kioo kimya, kisha akauliza kama ninaweza kumwachia ile paleti "ya siku mbili". Ilirudi baada ya wiki tatu.

Je, ni halali? Na udhu?

Poda nyingi za macho ni madini. Penye swali ni rangi nyekundu inayoitwa karmini, hutokana na mdudu anayeitwa kochinili. Kwenye orodha itaandikwa Carmine au CI 75470, na mara nyingi hukaa kwenye lipstiki na waridi. Wanazuoni wametofautiana, kwa hiyo mwulize sheikh unayemfuata, lakini angalau sasa unajua namba ya kutafuta. Lipstiki moja ya boksi langu ilikuwa nayo, ya pili haikuwa nayo.

Rangi ya kucha huziba maji yasifike kwenye ukucha. Wengi wetu huipaka siku zile ambazo hatusali. Maskara isiyopenya maji na tabaka nene la krimu navyo uvitoe kabla ya udhu.

Macho yangu yaliwasha. Niache kabisa?

Acha leo, ndiyo, na osha kwa maji safi. Kisha tafuta sababu, maana ziko kadhaa.

Huenda ulitumia glita. Glita na mng'aro wa mika si kitu kimoja. Glita nyingi ni plastiki iliyokatwa vipande vyenye kona, na ile ya dukani kwa ajili ya kadi na mapambo ya keki za bandia haitakiwi kabisa karibu na jicho. Kipande kimoja kinaweza kukwaruza mboni. Ukivaa lenzi, hata mika ipunguze, na lenzi uzivae kabla ya kupaka.

Huenda pia ni rangi kali ya waridi au zambarau. Baadhi ya paleti huwa na maandishi madogo nyuma yanayosema rangi fulani haikukusudiwa kuzunguka macho. Hakuna anayeyasoma. Yasome. Rangi hizo huweza pia kuacha doa kwenye kope kwa siku nzima.

Au uliijaribu dukani kwa brashi ya watu wote. Mwaka 2004 nilikuwa shule, tuliambukizana macho mekundu kwa kugawana wanja mmoja bweni zima. Na mwaka 2024 ugonjwa huo ulipozuka tena hapa Uganda, nilifunga kazi ya upambaji hadi upite. Dukani jaribu mkononi, kamwe si kwenye jicho. Wateja wangu kila mmoja ana kijiti chake cha pamba, na rangi naikwangua kwanza kwenye kisahani.

Mwisho, usiilaumu rangi mpya kwa kosa la kitu cha kale: wanja wa jiwe, ule wa kienyeji unaosagwa, mara nyingi una madini ya risasi. Ulikuwa umeupaka chini ya rangi mpya?

Usiku unazitoaje? Sabuni haifui.

Sabuni haitafua kwa sababu kishikio ni mafuta. Mafuta hutolewa na mafuta. Nazi inafaa, lakini mimi natumia mafuta ya shea ya kaskazini, moo yaa, ambayo mwenzangu wa sokoni huniletea kutoka Lira. Shea yetu ni laini kuliko ile ya Afrika Magharibi, inayeyuka ukiigusa tu. Paka juu ya kope iliyofumbwa, subiri kidogo, futa na pamba kuelekea chini, kisha ndiyo unawe na sabuni. Ukisugua kwa nguvu, vipande vya mika vitaingia jichoni na utalala unalia.

Paleti yangu imeanguka ikavunjika.

Pole. Usitupe. Saga vipande hadi viwe unga, dondoshea alkoholi ya duka la dawa ya asilimia 70 hadi iwe kama uji mzito, funga sarafu ya shilingi 500 kwenye kitambaa safi na ukandamize. Acha wazi usiku kucha. Mng'aro utapungua kidogo.

Itakaa muda gani?

Tafuta alama ya kikopo kilichofunguliwa chenye 6M, 12M au 24M. Ni miezi tangu ufungue. Poda huvumilia. Krimu ikibadilika harufu, kwaheri. Maskara usipitishe miezi sita hata kama bado imejaa.

Ni kipi kilikukera? Useme kweli.

Zile mati mbili, kama nilivyodokeza. Nyeusi haikuwa nyeusi, ilikuwa majivu ya jikoni. Kahawia iliacha mabaka, na ukijaribu kuisambaza inatoweka kabisa. Lipstiki ya zambarau ilikuwa na chembe unazozisikia ukibana midomo, kama mchanga kwenye mchicha usiooshwa. Kioo cha kwenye kifuniko kilibanduka siku ya tatu. Nilirudi kwa muuzaji nikamwonyesha, akanipa gundi.

Hailaita na rangi za macho tano kati ya tisa, ukizigawia ile 48,000, bado nilipata faida. Rangi ya kucha nimempa binti wa jirani.

Nimelikosa. Nifanyeje?

Usilipe bei ya kurushwa. Kuna mtu aliniuliza kama anunue boksi lililotumika kwa 90,000. La hasha, na la macho lililotumika na mtu usiyemjua ndiyo kabisa. Tafuta rangi moja moja za kumeremeta, shaba kwanza, kisha penseli nyeusi ya elfu mbili, na nusu ya mapambo ya Mukono utakuwa umeshayapata. Shaba yangu mimi imechakaa hadi bati linaonekana katikati. Jumatano nilipita kwa yule muuzaji wangu wa katoni. Kuna seti mpya imeingia, nikapaka mkononi, nikatoka nayo juani: ni shaba ile ile. Boksi lina picha ya ua.